Mapitio ya ofisi ya uhariri inayolipima neno "mkinzano" kabla ya kuliandika

Katiba ya kikundi chetu cha kuweka na kukopa ina kurasa 14, na iliandikwa na mikono mingi. Waasisi waliandika sehemu ya kwanza. Sehemu ya mikopo ilinakiliwa kutoka kwa kikundi jirani. Vipengele vya mwisho viliongezwa kimoja kimoja, kila ulipozuka ugomvi ambao haukuwa na kanuni ya kuumaliza. Tulipoanza kuandaa nyaraka za usajili, ambao vikundi vya namna yetu vinatakiwa kuwa nao kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wanachama wote 27 waliniagiza mimi, katibu wao, nitafute mtu mwenye ujuzi wa lugha aipitie katiba yote kabla haijapigwa muhuri. Nilikwenda kwenye ofisi ndogo ya uhariri na tafsiri iliyoko ghorofani, maeneo ya Mwenge, Dar es Salaam, na haya ni mapitio ya huduma niliyoipata huko.

Sitaitaja ofisi hiyo kwa jina. Mwalimu mstaafu anayeiendesha, akiwa na msaidizi mmoja, aliniomba nisiitangaze kwa sababu kazi zilizo mezani zinamtosha. Hata hivyo naamini mapitio haya yatamfaa mtu yeyote anayetafuta mhariri wa katiba ya kikundi, wa mkataba wa pango au wa mwongozo wa wafanyakazi, kwa kuwa jambo ninalolipima linaweza kupimwa katika ofisi yoyote: mhariri anapoandika pembeni mwa ukurasa kwamba kauli zako zina mkinzano, je, anajua anachokisema?

Gharama ilikuwa shilingi 4,000 kwa ukurasa, jumla 56,000, na nusu yake hulipwa siku ya kukabidhi kazi. Niliahidiwa siku tano, nikaipata siku ya tisa.

Katiba ilirudi ikiwa imejaa kalamu nyekundu, na kilichonivutia kwanza ni kwamba makosa hayakupewa jina moja. Wahariri wengine niliowahi kuwapelekea kazi huandika "rekebisha", au huchora mstari chini ya sentensi na kumwachia mwenye kazi akisie kosa ni lipi. Hapa kulikuwa na maneno manne yaliyotumika kwa mpango. Faini ya kuchelewa mkutano ilitajwa kuwa shilingi 1,000 katika orodha ya faini na shilingi 10,000 katika maelezo ya chini yake. Hapo paliandikwa "hitilafu", kwa kuwa ilikuwa wazi kwamba mpiga chapa aliongeza sifuri. Tulipoandika kwamba "mwanachama atamjulisha mwenyekiti akiwa safarini", bila kueleza ni nani aliye safarini, paliandikwa "utata". Mahali ambapo muda wa kurejesha mkopo mdogo ulikuwa miezi mitatu na wa mkopo mkubwa miezi sita, paliandikwa "tofauti, si kosa". Neno "mkinzano" liliandikwa mara tano tu katika kurasa zote, na katika hizo tano, tatu zilistahili kabisa. Mbili hazikustahili, nami nitazieleza mahali pake.

Mkinzano wa kwanza ndio uliotuumiza zaidi. Kipengele cha 9 kinasema kwamba mwanachama anayejitoa kabla ya mgao, yaani kugawana fedha mwishoni mwa mzunguko, atarudishiwa hisa zake zote. Kipengele cha 23, kilichoongezwa katika mwaka wa tatu baada ya watu wanne kujitoa kwa mfululizo, kinasema kwamba mwanachama anayejitoa kabla ya mgao atarudishiwa nusu ya hisa zake. Mwenzetu mmoja alihama Dar es Salaam kumfuata mumewe aliyepewa uhamisho, akadai hisa zake kwa kipengele cha 9. Mweka hazina akamlipa kwa kipengele cha 23. Na kila mmoja alikuwa ameshika katiba ileile. Kwa miezi minane jambo hilo tuliliita "kutoelewana", kana kwamba kasoro ilikuwa kwenye tabia za watu wawili. Mwalimu aliandika pembeni: "Mkinzano. Mtu yuleyule, tendo lilelile, wakati uleule, malipo mawili. Kauli hizi haziwezi kusimama zote mbili."

Nimekaa na sentensi hizo kwa muda mrefu, kwa sababu zinatoa kipimo ambacho kamusi pekee haikunipa. Kamusi, hata zile zilizo bora, kwa kawaida hulifasiri neno kwa visawe vyake: ukitafuta kinzana unaelekezwa kwenye pingana, na ukitafuta pingana unakutana tena na jamaa zake. Maana hiyo ni sahihi, ila haimsaidii katibu anayetaka kujua kama vipengele viwili vilivyo mbele yake vimevuka mpaka au havijauvuka. Mwalimu aliuweka mpaka wenyewe. Ili kauli mbili zikinzane ni lazima zizungumzie kitu kilekile, kwa wakati uleule, kwa upande uleule, na ukweli wa mojawapo uufanye ukweli wa nyingine usiwezekane. Sharti moja likikosekana, kilichopo ni kitu kingine. Kipimo hiki ni cha kale. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alikisimamia kwa masharti hayohayo, akakiona kuwa ni msingi ulio imara kuliko misingi mingine yote ya fikra: sifa ileile haiwezi kuwepo na kutokuwepo katika kitu kilekile, kwa wakati uleule na kwa namna ileile.

Kuna hatua ya pili ambayo watu wengi huiruka, nami nilikuwa mmoja wao. Nilipokwenda kuchukua kazi nilimuuliza Mwalimu kama mkinzano ni sawa na kinyume. Alichukua bahasha iliyokuwa mezani akaniuliza ina rangi gani. Ilikuwa ya kaki. Akasema, "Sikiliza, mwanangu. Mmoja akisema bahasha hii ni nyeupe na mwingine akasema ni nyeusi, hawawezi kusema kweli wote wawili. Lakini wote wawili wanaweza kukosea, na hapa wamekosea. Sasa mmoja akisema ni nyeupe, na mwingine akasema si nyeupe, hapo mmoja lazima awe na haki." Tofauti hiyo kati ya kinyume na ukanushi ni ya wanamantiki tangu zamani, lakini ina kazi kubwa nje ya darasa. Kipengele cha 9 na cha 23 ni kinyume: "zote" na "nusu" haziwezi kuwa kweli pamoja, ila zote mbili zinaweza kukataliwa, na mkutano ukaamua kurudisha robo tatu. Kama kipengele kimoja kingesema "atarudishiwa hisa" na kingine "hatarudishiwa hisa", nafasi ya katikati isingekuwepo. Neno mkinzano katika matumizi ya kawaida ya Kiswahili linabeba hali zote mbili, na sioni ubaya, mradi mhariri ajue ni ipi iliyo mbele yake, kwa sababu namna ya kuisuluhisha ya kwanza si namna ya kuisuluhisha ya pili.

Umbo la neno lenyewe linastahili kuangaliwa. Msingi wake ni kitenzi kinza, chenye maana ya kupinga au kuzuia, na kwa kuongezwa kiambishi cha kutendana tunapata kinzana. Kiambishi hicho ndicho kinacholifanya neno kuwa la haki. Anayekinza ni mmoja na anayekinzwa ni mwingine, na msikilizaji anajua nani alianza. Lakini zinapokinzana, kauli zote mbili zinawajibika sawasawa. Ndiyo maana Mwalimu hakuandika kwamba kipengele cha 23 "kinapinga" kipengele cha 9, ingawa cha 23 ndicho kilichoingia baadaye. Angeandika hivyo angekuwa ameshahukumu kwamba cha 9 ndicho mwenye nyumba na cha 23 ndicho mvamizi, jambo ambalo halikuwa lake kuamua.

Kutokana na shina hilo tuna mkinzano, ambao ni tukio au uhusiano ulioko kati ya kauli, na wingi wake ni mikinzano. Tuna ukinzani, ambao ni hali au tabia ya kukinza. Na tuna kivumishi kinzani, kama katika kauli kinzani na hoja kinzani. Maneno haya matatu hayabadilishani nafasi kwa uhuru kama waandishi wengi wanavyodhani. Ukinzani tayari umechukuliwa na wanafizikia kwa maana ya sifa ya waya kuzuia mkondo wa umeme, na humo umekaa vizuri kabisa, kwa kuwa waya unakinza bila kukinzwa. Kwa kauli zisizopatana, nafasi ni ya mkinzano. Ofisi hii imelishika jambo hilo bila kuteleza hata mara moja, na kwa hilo ningewapa alama zote.

Nilimuuliza pia kwa nini hatumii tu neno kupingana, ambalo kila mwanachama wetu analijua. Jibu lake lilikuwa kwamba kupingana si kosa, na yeye mwenyewe hulitumia anapozungumza, lakini katika maandishi ya kikundi huliepuka kwa sababu limeelemewa. Tangu mfumo wa vyama vingi uliporudishwa nchini mwaka 1992, upinzani na mpinzani yamekuwa kwanza maneno ya siasa, na ukiandika kwenye ripoti kwamba "mweka hazina na katibu wanapingana", watu watafikiria kambi kabla ya kufikiria kauli. Mgongano nao una makao yake: tunasema mgongano wa maslahi, yaani mtu mmoja kuvutwa na mambo mawili, hata kama hajasema neno lolote lisilo kweli. Mjumbe wa kamati ya mikopo anayepitisha ombi la dada yake yumo kwenye mgongano wa maslahi, na hakuna mkinzano wowote katika hilo. Kuhitilafiana ni kwa watu na maoni yao. Neno hili asili yake ni Kiarabu, ikhtilafu, yaani kutofautiana, na kitenzi kimeihifadhi maana hiyo, ingawa nomino yake, hitilafu, imehamia zaidi kwenye kasoro, hata hitilafu ya umeme leo ni ubovu wa nyaya tu. Shahidi anayesema hivi asubuhi na vile jioni, tunasema amejikanganya. Nayaona maneno haya kuwa ni mali ya lugha, na inanisikitisha ninapoona yote yakimwagwa katika kapu moja kwa kuwa mwandishi hakutaka kuchagua.

Kapu hilo limo pia katika fasihi, na hapa ndipo msaidizi wa Mwalimu alipoteleza. Katika utangulizi wa katiba yetu waasisi waliandika kwamba mikopo itatolewa kwa kutafakari, "kwa kuwa haraka haraka haina baraka". Katika sehemu ya marejesho, mtu mwingine aliandika kwamba mdaiwa asisubiri hadi siku ya mwisho, "kwa kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo". Msaidizi, ambaye ni kijana makini na ambaye naamini atafika mbali, aliunganisha methali hizo kwa mstari mrefu mwekundu na kuandika "mkinzano". Alikosea, na kosa lake lina mafunzo zaidi kuliko masahihisho mengine mengi. Methali mbili zinazoelekea njia tofauti hazikinzani mpaka zitumike kwa jambo lilelile kwa wakati uleule. Moja ilikuwa inamwonya anayetoa fedha, nyingine inamwonya anayezirudisha. Wazee waliotuachia zote mbili hawakuwa wamejisahau. Walijua kwamba siku ya haraka si siku ya subira, na wakamwachia mtumiaji kazi ya kutambua leo ni siku gani.

Mwalimu alipoiona alama hiyo mbele yangu aliifuta mwenyewe, akamweleza msaidizi wake kwa upole kuhusu semi ambazo hukinzana juu juu kwa makusudi. "Kuinamako ndiko kuinukako" inaonekana kukiuka akili mpaka utambue kwamba kuinama ni leo na kuinuka ni kesho. Wanafasihi huiita mbinu hii kweli kinzani, jina zuri kwa sababu linakiri kwamba ndani ya sura ya mkinzano mna ukweli uliotulia. Walimu wengine wa fasihi hulitumia hapo neno tanakuzi, lenye asili ya Kiarabu, ambako katika elimu ya mantiki lilimaanisha mkinzano wenyewe kabisa. Lilipofika katika ushairi na hadithi zetu likawa jina la pambo la lugha, la kuweka vinyume bega kwa bega ili ujumbe ukolee. Kwa hiyo Kiswahili kimegawa kazi: kinachosuluhika kwa kufikiri kimepewa fasihi, na kisichosuluhika ila kwa kufuta kauli moja kimeachiwa mkinzano. Mhariri wa katiba anapaswa kuujua mgawanyo huo, na msaidizi hakuwa ameujua bado.

Alama ya pili isiyostahili ilihusu akidi. Kipengele cha 6 kinasema mkutano utakuwa halali ukihudhuriwa na nusu ya wanachama. Kipengele cha 17 kinasema mkutano wa kubadili katiba utakuwa halali ukihudhuriwa na theluthi mbili. Hapo pia paliandikwa "mkinzano".

"Shikamoo, Mwalimu," nilimwambia nilipopiga simu siku iliyofuata. "Hapa kwenye akidi sijaridhika."

"Marahaba. Sema, mwanangu."

Nilimsomea vipengele vyote viwili na kumwambia kwamba, kwa kipimo chake mwenyewe, upande si uleule: kimoja ni cha mikutano yote, kingine ni cha mkutano wa namna moja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba nina haki, kwamba kanuni mahsusi hukata kipande ndani ya kanuni ya jumla na haiibomoi, na kwamba alichopaswa kuandika ni kutuomba tuongeze maneno "isipokuwa pale kipengele cha 17 kinapotumika" kwenye kipengele cha 6. Alirekebisha nakala yangu siku hiyohiyo bila malipo mengine. Ninaitaja kasoro hii kwa sababu ni kasoro ya kweli: mwanachama asiyebishana angeondoka akiamini kwamba katiba yake ina mkinzano ambao haumo, na pengine angefuta kinga nzuri ya theluthi mbili ili kuuondoa. Lakini nitasema pia kwamba mhariri anayeweza kurudishiwa kipimo chake na akakikubali ni mhariri ninayeweza kumwamini tena.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo kwa maoni yangu ililipa shilingi zote 56,000. Kikundi chetu kina sanduku la fedha lenye kufuli tatu. Kipengele cha 11 kinasema kwamba funguo tatu zitashikwa na watu watatu tofauti. Kipengele cha 12 kinasema kwamba washika funguo watateuliwa kutoka miongoni mwa viongozi, na viongozi wetu kikatiba ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina tu. Kipengele cha 20, tulichokiongeza baada ya kusikia yaliyowakuta wenzetu wa mtaa wa pili, kinasema kwamba mweka hazina asishike ufunguo wowote. Nimevisoma vipengele hivi mara nyingi sana. Nimevisoma kwa sauti mbele ya mkutano. Hakuna aliyewahi kuona tatizo, kwa sababu ukichukua viwili vyovyote, vinapatana. Cha 11 na cha 12 vinapatana: viongozi watatu, funguo tatu. Cha 12 na cha 20 vinapatana: mwenyekiti na katibu wazishike, hata ikibidi mmoja ashike mbili. Cha 11 na cha 20 vinapatana: watafutwe watu watatu wengine wowote. Ni pale vinapowekwa vyote vitatu pamoja ndipo inapobainika kwamba tunahitaji watu watatu kutoka kwenye orodha iliyobaki na watu wawili.

Mwalimu alikuwa amechora mistari mitatu inayokutana katikati ya ukurasa, akaandika: "Mkinzano wa utatu. Hakuna kipengele kinachokanusha kingine, lakini havitekelezeki kwa pamoja." Nilimuuliza kama neno mkinzano linaweza kubeba pande tatu, kwa kuwa nilikuwa nimezoea kulisikia kwa pande mbili tu. Alinijibu kwa kutaja watoto wanaopigana uwanjani: hakuna anayeuliza kama ni wawili au watano, na kiambishi cha kutendana hakijawahi kuhesabu watu. Jibu hilo nimelikubali. Mkinzano wa pande mbili huonekana kwa macho, na msomaji mtulivu ataukuta. Huu wa pande tatu au nne haumo katika kipengele chochote bali katika jumla yao, na unahitaji mtu anayeisoma katiba nzima kama kauli moja ya msemaji mmoja. Kwetu ulikuwa umejificha kwa vitendo: kwa miaka miwili ufunguo wa tatu ulishikwa na mwanachama wa kawaida "kwa muda", na muda huo haukuwahi kuisha.

Wa tatu uliostahili ulikuwa mdogo, kuhusu tarehe ya kuanza kwa mzunguko kugongana na tarehe ya mgao, na ulirekebishwa kwa kubadili mwezi mmoja.

Mwalimu pia alitueleza kwa nini mkinzano katika katiba ni mbaya kuliko pengo. Pengo linawafanya watu waulizane. Mkinzano unamfanya kila mmoja awe na haki. Wanamantiki husema kwamba ukizikubali pamoja kauli mbili zinazokanushana unaweza kuthibitisha kwazo jambo lolote upendalo, na zamani niliposikia maneno hayo niliyaona kuwa mchezo wa wasomi. Sasa nimeona yakitendeka katika chumba cha mikutano, mwenzetu akisoma kipengele cha 9 kwa machozi na mweka hazina akisoma kipengele cha 23 kwa utulivu, na wote wawili wakithibitisha walichokuja nacho.

Alipendekeza tuongeze kifungu cha ukuu mwishoni, kwa ajili ya kanuni ndogo ndogo ambazo kamati huzitunga kila mwaka. Alituonyesha jinsi Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inavyofanya katika Ibara ya 64(5): sheria nyingine yoyote ikikiuka masharti ya Katiba, Katiba ndiyo yenye nguvu, na sheria hiyo ni batili kwa kiasi inachokiuka. Nilitarajia kukuta neno kinzana humo, nikakuta kiuka, na tofauti hiyo sikuwahi kuifikiria. Kukiuka kuna juu na chini: aliye chini ndiye anayevuka mpaka wa aliye juu. Kukinzana hakuna ngazi. Kwa hiyo kati ya katiba yetu na kanuni ndogo tuliandika kukiuka, na kati ya kipengele na kipengele ndani ya katiba ileile tukabaki na kukinzana, kwa kuwa humo vyote ni ndugu na hakuna mkubwa. Kipimo hicho cha kubatilisha sehemu inayokiuka tu nacho tulikichukua, ili kanuni yenye kosa mstari mmoja isianguke yote.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Masahihisho hayakupewa namba, hivyo nilipokuwa nikiwaeleza wanachama ilinibidi nihesabu kutoka juu ya ukurasa. Mwandiko wa msaidizi unasomeka vizuri kuliko wa Mwalimu. Nakala ya kompyuta nililetewa siku mbili baada ya ile ya karatasi, na siku tisa badala ya tano ni ucheleweshaji ambao mtu mwenye tarehe ya mwisho asingeuvumilia. Mimi nilikuwa na nafasi, lakini si kila mteja atakuwa nayo. Ngazi za kupandia ofisini ni ndefu na hazina pa kushikia, jambo ambalo wazee wa vikundi wanapaswa kuambiwa kabla hawajafunga safari.

Kuna jambo moja ambalo mwanzoni nililiona kuwa upungufu wa huduma. Nilimwomba Mwalimu atuchagulie: kibaki kipengele cha 9 au cha 23? Alikataa. Alisema kazi yake ni kuonyesha kwamba kauli mbili haziwezi kuishi pamoja, na kwamba ipi iondoke ni swali la kikundi kuhusu kile kinachotaka kuwa, ambalo sarufi haiwezi kulijibu. Alikuwa tayari kutuandikia kwa Kiswahili safi uamuzi wowote tutakaoufikia. Nilishuka zile ngazi nikiwa nimeudhika.

Mkutano mkuu ulikaa Jumamosi mbili baadaye, ukahudhuriwa na wanachama 22, idadi inayotosha kwa theluthi mbili. Funguo zilimalizwa kwa dakika kumi: kipengele cha 12 sasa kinaruhusu mshika ufunguo asiyekuwa kiongozi, na mama aliyekuwa akiushika "kwa muda" akachaguliwa kwa kura. Kipengele cha 9 na cha 23 vilichukua saa mbili. Wapo waliotaka nusu ibaki, kwa kuwa anayejitoa katikati huwaachia wenzake mzigo wa mikopo. Wapo waliosema hisa ni akiba ya mtu na si zawadi ya kikundi. Mwishowe kipengele cha 23 kilifutwa kwa kura 15 dhidi ya 7, na kipengele cha 9 kikaongezewa sharti la kutoa taarifa siku 30 kabla. Mweka hazina mwenyewe, aliyekuwa amepiga kura ya kukibakiza cha 23, ndiye aliyesimama kupendekeza kwamba mwenzetu aliyehama arudishiwe nusu iliyobaki, akatumiwa kwa simu jioni ileile.